Meza ya mihimili mitatu kwa drili ya kusimama: vipimo, vifaa na sehemu zinazoleta shida

Flenji (sahani ya kuunganishia yenye matundu ya bolti) ya matundu sita ukiichora kwa bikari, ukapiga senta panchi na kuamini jicho, ni rahisi tundu kukosea kwa nusu milimita hata kama mkono umetulia. Matundu mawili yakikosea kwa pande tofauti, bolti ya mwisho haiingii na tupa inaanza kazi. Dawa yake ni meza inayosogezwa kwa skrubu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, halafu juu yake sahani inayozunguka kwa hatua zinazojulikana. Ikijengwa vizuri, kosa linashuka hadi kama 0.05 mm, na flenji ya kumi inatoka sawa na ya kwanza.

Meza ninayoieleza inatosha karakana ya nyumbani: mwendo wa 200 mm kwa mhimili wa X (kushoto na kulia), 120 mm kwa Y (mbele na nyuma), na mzunguko wa hatua 36. Kuna jambo moja ninalolisimamia tangu mwanzo. Usahihi wa meza unatoka kwenye pleti, reli na pembe mraba kati ya mihimili. Kazi ya skrubu ni kuhesabu tu. Anayenunua boli-skrubu (skrubu ambayo nati yake inatembea juu ya vipira vya chuma) ya gharama na kuifunga juu ya pleti iliyopinda anapata meza inayohesabu vizuri sana kuelekea mahali pasipo sahihi. Fedha na muda viende kwanza kwenye pleti.

Drili haichongi kwa ubavu

Hili ni la usalama. Kwenye drili nyingi za mezani chaki (kishikio cha biti) imeshikwa kwa koni tu, hakuna bolti inayoivuta kutoka juu. Unapotoboa, nguvu inasukuma koni ijikaze, ndiyo maana haitoki. Ukifunga endimili (kikatio cha milingi) na kuchonga kwa ubavu, nguvu inakuja kutoka pembeni huku ikitetema, koni inalegea, na chaki inadondoka ikiwa bado inazunguka. Beringi za spindeli (shafti inayozungusha chaki) nazo hazikutengenezwa kubeba mzigo wa pembeni. Kwa hiyo meza hii ikikaa chini ya drili ni ya kutoboa, kusafisha matundu kwa rima (kifaa cha kufikisha tundu kipimo kamili), na kuongoza tapu (kifaa cha kukata thredi ndani ya tundu) iingie wima huku ukiizungusha kwa mkono na umeme umezimwa. Ukitaka kuchonga, vipimo ni hivihivi, lakini spindeli iwe ya milingi, yenye bolti ya kuvuta.

Kimo kwanza, ndipo ukate chuma

Kitako ni pleti ya 12 mm. Juu yake reli na vigari vyake (vipande vinavyoteleza juu ya reli) huchukua 28 mm, pleti ya kati 12 mm, reli na vigari vya juu 28 mm tena, na pleti ya juu 15 mm. Jumla ni 95 mm. Ongeza vipande vya chuma vya 20 mm chini ya kitako (sababu yake inakuja kwenye skrubu), unafika 115 mm. Sahani ya kuzunguka inakula kama 90 mm nyingine, hivyo 205 mm. Kazi yenyewe ikiwa na kimo cha 40 mm, na biti ya 10 mm yenye urefu wa 133 mm ikitokeza kama 95 mm nje ya chaki, unahitaji takriban 340 mm kutoka meza inapokaa hadi mdomo wa chaki. Pima drili yako kabla ya kununua chochote.

Uzito wa meza hii, bila sahani ya kuzunguka, ni kama kilo 27. Usiuweke kwenye meza ya drili ndogo: mkono unaoshika meza ile kwenye nguzo unalala mbele, na ukibonyeza biti unalala zaidi. Ondoa meza ya drili, funga yako kwenye kitako cha drili kwa bolti nne za M10. Kama nafasi inazidi, inyanyue kwa kipande cha chuma kizito chini yake.

Pleti

Unahitaji tatu. Kitako 300 × 340 × 12 mm, pleti ya kati 280 × 170 × 12 mm, na ya juu 400 × 180 × 15 mm. Chuma cha kawaida kinatosha. Vipande vya ukubwa huu hupatikana kwenye vyuma chakavu vya Gerezani pale Dar es Salaam au Kamukunji, Nairobi, na chakavu cha zamani kina faida: kimeshatulia. Pleti iliyokatwa jana kwa gesi bado ina mkazo kingoni, na ukiichonga upande mmoja inapinda.

Pleti nyeusi kutoka dukani si bapa, hata ikionekana bapa. Ina magamba, na mara nyingi imebinuka kidogo. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kioo kinene cha 10 au 12 mm, au kipande cha graniti kilichobaki kwenye meza ya jikoni. Laza pleti juu yake, pitisha fila geji (ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia upenyo) ya 0.05 mm kuzunguka kingo zote. Ikiingia mahali, pleti ipelekwe kwenye mashine ya kusaga au milingi isawazishwe, angalau mikanda miwili ambamo reli zitakaa. Hii ndiyo gharama ambayo nisingeipunguza. Ikishindikana kabisa, mwaga epoksi yenye unga wa chuma chini ya reli: paka nta kwenye reli isigande, ilaze kwenye epoksi mbichi ukiwa umeishikilia kwa rula ya chuma iliyonyooka, acha ikauke siku nzima ndipo ukaze bolti.

Usichomelee chochote kwenye pleti hizi baada ya kusawazishwa. Hata vitone viwili vya kuchomelea vinavuta pleti ya 12 mm ikapinda kuliko makosa yote uliyokwisha kuyaondoa. Kila kitu kifungwe kwa bolti.

Reli na vigari

Ninapendekeza reli za ukubwa wa 15, zile zinazouzwa kwa alama HGR15, zenye vigari vya HGH15CA. Kitako kinachukua reli mbili za 300 mm. Chini ya pleti ya juu zinakaa mbili za 400 mm. Vigari ni vinane: vinne vimefungwa chini ya pleti ya kati, vinne juu yake. Kwa mpangilio huu reli za X zinatazama chini, na chenga za chuma haziangukii juu yake.

Vipimo vya kupanga: reli za Y ziachane 240 mm katikati hadi katikati, vigari vyake 100 mm kwenye reli moja. Reli za X ziachane 120 mm, vigari vyake 120 mm. Kigari kina urefu wa takriban 61 mm, kwa hiyo viwili kwenye reli ya 300 mm vinaacha mwendo wa kama 139 mm. Toa nafasi ya usalama ubaki na 120. Kwenye reli ya 400 mm unabaki na 200. Usizisogeze reli za Y zikaribiane ili pleti ya kati iwe ndogo. Vigari vya chini vikiingia chini ya vya juu, bolti za upande mmoja zinazibwa na kigari cha upande wa pili, na utakapotaka kurekebisha pembe mraba itabidi ufumue kila kitu.

Matundu ya reli yameachana 60 mm na yanachukua bolti za M4 × 16. Reli mbili za 300 zina matundu matano kila moja, za 400 zina saba, jumla 24. Toboa kwa biti ya 3.3 mm, tia thredi kwa tapu ya M4. Kila kigari kinachukua bolti nne za M4 zinazopita kwenye pleti ya kati, hivyo 32 zaidi. Hapa pana mtego. Tundu la thredi kwenye kigari lina kina cha 5 mm tu. Kwa pleti ya 12 mm na washa, bolti ya 16 ndiyo sahihi. Ukitumia ya 20, inagonga mwisho wa tundu, alenki inakataa kuzunguka, unadhani imekaza, kumbe pleti inacheza juu ya kigari.

Matundu ya vigari kwenye pleti ya kati yatobolewe kwa 5 mm, si 4.5. Nafasi hiyo utaihitaji. Na usikiache kigari kitoke mwisho wa reli bila kile kipande cha plastiki kilichokuja nacho: vipira vyake vidogo vya chuma vinamwagika, na kuvirudisha ni kazi ya kuchosha.

Reli mbili hazifungwi kwa pamoja. Ya kwanza ndiyo kiongozi: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka na ukaze bolti zake kuanzia katikati kuelekea miisho. Ya pili ziache bolti zake zikiwa zimegusa tu. Funga pleti ya kati juu ya vigari vyote vinne, isukume hadi mwisho mmoja, kaza bolti ya reli ya pili iliyo karibu na kigari, sogeza, kaza inayofuata, mpaka mwisho. Reli ya pili inajitafutia sambamba yake. Halafu sukuma pleti kwa kidole kimoja mwendo mzima. Inapaswa kuwa na uzito uleule kote. Ikiwa nzito mwisho mmoja, reli zinakaribiana au kuachana kuelekea huko. Ikiwa nzito mahali pamoja tu katikati, kuna uchafu au kinundu chini ya reli. Reli moja ikiwa chini kuliko nyingine, weka shimu (kipande chembamba cha kujazia) chini yake. Ubavu wa kopo la soda una unene wa kama 0.1 mm na unakatika kwa mkasi.

Pembe mraba kati ya X na Y

Reli zote zikisogea kwa ulaini, bado meza inaweza kuwa inachora mraba uliolala. Hapa ndipo meza nyingi za kujitengenezea zinapobaki na kosa bila mwenyewe kujua, maana mkono hauhisi chochote.

Weka skwea ya chuma juu ya pleti ya juu. Funga dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) kwenye chaki ya drili, ncha yake ikigusa mguu mmoja wa skwea, ule unaofuata X. Sogeza X na uigongegonge skwea taratibu mpaka sindano isicheze mwendo wa 100 mm. Bana skwea hapo. Sasa hamisha ncha iguse mguu wa pili na usogeze Y kwa 100 mm. Sindano ikihama 0.08, hiyo si lazima iwe kosa la meza. Huenda ni la skwea. Igeuze skwea chali, mguu wa kwanza ubaki kwenye X na wa pili uelekee kulekule kwenye Y, urudie kipimo chote. Tuseme safari hii sindano inahama 0.02 kwa upande uleule. Jumlisha, gawa kwa 2: kosa la meza ni 0.05, na la skwea ni 0.03. Sindano ikihama upande wa pili, namba hiyo inahesabiwa kuwa hasi. Kwa njia hii hata skwea ya bei ndogo inakupa jibu la kweli.

Kurekebisha: legeza bolti za vigari vya juu kwenye pleti ya kati, gonga ukingo wa pleti ya juu kwa nyundo ya plastiki, kaza, pima tena. Zile nafasi za matundu ya 5 mm ndizo zinazokuruhusu. Usiridhike na kosa linalozidi 0.05 kwa kila 100 mm.

Skrubu na nati

Nachagua fito ya thredi ya M16, na sababu zake ni za wazi. Inapatikana hadi duka la vifaa vya ujenzi, tapu yake ipo kwa kila fundi mkerezaji, na hatua yake ni 2 mm kamili kwa mzunguko. M12 ina hatua ya 1.75, ambayo itakusumbua katika kila hesabu. Ukiona skrubu za printa za 3D za TR8×8, ziache: zina thredi nne zinazokwenda pamoja, mzunguko mmoja unasogeza 8 mm, na meza inarudi ikisukumwa. Boli-skrubu ya SFU1605 ni laini na nzuri kwa mota, ila nayo inarudi ikisukumwa. M16 inabaki pale ulipoiacha.

Chagua fito dukani kwa kuiviringisha juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda inajionyesha papo hapo. Kisha pima hatua yake: zungusha nati mara 50, iwe imesogea 100 mm. Ikiwa ni 100.15, si mbaya, ila andika namba hiyo ukutani, kwa sababu kwenye mwendo mrefu utaitoa.

Mwisho mmoja wa fito ukerezwe hadi 12 mm na utiwe thredi ya M12 kwa mbele. Hapo zinakaa beringi mbili za 51101 (12 × 26 × 9 mm), moja kila upande wa kipande cha chuma cha 12 mm kilichofungwa kwenye pleti, na nati mbili za M12 zinazobanana. Beringi hizi zinazuia skrubu isiende mbele wala nyuma, lakini haziishiki katikati, kwa hiyo ndani ya kile kipande pawe na bushi ya bronzi ya 12 mm. Kaza nati mpaka skrubu izunguke bila kucheza, ila isiwe nzito.

Nati ya kusukuma iwe ya bronzi, na iwe vipande viwili vya urefu wa 20 mm kila kimoja. Toboa 14 mm, tia tapu ya M16. Kimo chake kisizidi 26 mm, kwa sababu nafasi kati ya pleti ni 28, na katikati ya skrubu iwe 14 mm kutoka pleti iliyo chini yake. Kipande cha kwanza kinakazwa kabisa kwenye pleti ya kati. Cha pili kina matundu marefu ya bolti; kisukume kwenye skrubu mpaka kibane upande wa pili wa thredi, ndipo ukikaze. Plei (ulegevu kati ya skrubu na nati) ikirudi baada ya miezi, unakisukuma tena kidogo. Nati za X na Y zisikae zote katikati kabisa ya pleti ya kati, bolti zake zitakutana. Sogeza ya Y kama 40 mm mbele.

Nati ikazwe mwisho, baada ya skrubu kufungwa kwenye beringi, na pleti ikiwa karibu na upande wa beringi. Ukikaza nati kwanza, skrubu italazimishwa kupita isipotaka, na utahisi mzunguko mmoja mzito, mmoja mwepesi.

Mikono ya kuzungushia inahitaji hesabu. Pleti ya juu ikienda mwisho wake, ukingo wake unafika 100 mm kutoka katikati, wakati pleti ya kati imefika 140. Mkono uliofungwa karibu na ukingo utagonga pleti ya kati kabla ya mwendo kuisha. Kwa hiyo ncha ya skrubu ya X itokeze angalau 50 mm. Upande wa Y, katikati ya skrubu iko 26 mm tu juu ya uso ambao kitako kimekalia, na duara la kusomea lina nusu kipenyo cha 32. Ndiyo maana ya vile vipande vya 20 mm chini ya kitako.

Kila mhimili uwe na skrubu ya kufungia. Usiisukume kwenye mtaro wa vipira wa reli. Funga ukanda wa flatibaa kando ya reli, na bolti ya M6 yenye ncha ya shaba ibane ukanda huo. Biti inapotokea upande wa pili wa chuma huwa inavuta kazi ghafla, na reli hizi ni laini mno kuzuia chochote.

Duara la kusomea

Kereza kipande cha alumini hadi kipenyo cha 63.5 mm. Zungushia ukanda wa karatasi wa urefu wa 200 mm uliochorwa mistari 100, mmoja kila 2 mm, ufunike kwa gundi ya epoksi. Mzunguko mmoja ni 2 mm za meza, kwa hiyo kila mstari ni 0.02 mm. Duara lisikazwe moja kwa moja kwenye skrubu. Libanwe kwa skrubu ndogo ya pembeni ili uweze kulirudisha sifuri popote ulipo.

Plei ipime kwa dayo geji: zungusha mbele, simama, zungusha nyuma mpaka sindano ianze kusogea, hesabu mistari. Mistari mitatu hadi mitano inavumilika. Ikizidi hapo, gusa beringi kwanza kabla ya kuilaumu nati, maana nati za M12 zilizolegea zinaonyesha dalili ileile. Na hata plei ikiwa ndogo, fika kwenye namba ukitokea upande mmoja kila mara. Ukipitiliza, rudi nyuma nusu mzunguko ndipo uje tena.

Mhimili wa tatu

Gia ya womu (skrubu inayozungusha gurudumu la meno) ni nzuri, lakini kwa kutoboa huhitaji digrii yoyote unayoitaka. Unahitaji mgawanyo sawa. Sproketi ya nyuma ya pikipiki inakupa mgawanyo huo ukiwa umeshakatwa kiwandani. Ile ya mnyororo wa 428 ina hatua ya 12.7 mm, na rola ya mnyororo ina kipenyo cha 8.5 mm. Maana yake shina la biti ya 8.5 linakaa vizuri katikati ya meno mawili, na hilo ndilo linakuwa pini yako. Pini isimame wima kwenye mkono wenye bushi isiyo na plei, na springi iivute kuelekea katikati.

Angalia idadi ya meno kabla ya kununua. Meno 36 yanagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 9, 12 na 18, lakini hayatoi flenji ya matundu matano wala manane. 40 yanatoa 5 na 8 lakini hayatoi 3. 48 yanatoa 3, 4, 6, 8, 12 na 16. Anayefanya kazi za habu za magari atahitaji 40 pamoja na 36. Sproketi mbili hazigharimu sana, ila zote ziingie kwenye bega moja (sehemu ya shafti iliyokerezwa ili sproketi ikae).

Bega hilo ndilo la kuwa makini nalo. Tundu la katikati la sproketi likae kwenye bega lililokerezwa likabane, usitegemee bolti kuiweka katikati. Sproketi ya meno 36 ina nusu kipenyo cha kama 73 mm. Ikihama katikati yake kwa 0.2 mm tu, pembe inakosea hadi digrii 0.16, na kwenye duara la nusu kipenyo cha 50 hilo ni kama 0.14 mm.

Mwili wa beringi unatoka kwenye kipande cha shafti ya 80 mm, kimo 60, chenye beringi mbili za 30205 (25 × 52 × 16.25 mm) zinazotazamana, na nati ya M24 × 1.5 chini ya kuzibana. Shafti iwe na tundu la 12 mm katikati hadi chini. Sahani ya juu ni duara la 180 mm la pleti ya 16, na uso wake ukerezwe mwisho, ikiwa imeshafungwa kwenye shafti yake. Ukikereza kwanza na kuifunga baadaye, inayumba. Diski ya breki ya gari inavutia kwa kuwa imeshakerezwa, ila ile kofia ya katikati inaongeza kimo na inaondoa tundu la kuwekea katikati.

Kutumia

Kutafuta ukingo wa kazi, funga pini ya 6 mm kwenye chaki na umeme uzimwe. Weka kipande cha karatasi ya kawaida ya ofisini kati ya pini na chuma, sogeza meza huku ukivuta karatasi. Inapoanza kukwama, katikati ya spindeli iko 3.1 mm kutoka ukingoni: nusu kipenyo cha pini pamoja na 0.1 ya karatasi.

Kuweka sahani ya kuzunguka chini ya spindeli, funga dayo geji kwenye chaki, ncha iguse ndani ya tundu la 12 mm, zungusha spindeli kwa mkono, rekebisha X na Y mpaka sindano itulie, ndipo uweke maduara sifuri.

Flenji kubwa kuliko sahani inafanyika kwa X na Y peke yake. Matundu sita kwenye duara la 100 mm yako kwenye (50, 0), (25, 43.30), (−25, 43.30), na mengine matatu ni hayo kwa upande wa pili. 43.30 ni mizunguko 21 na mistari 65. Jumla ya mwendo wa Y ni 86.6, ndani ya 120.

Kila tundu lianze na senta drili fupi, hata kama una haraka. Biti ndefu ya 10 mm ikigusa chuma kitupu inatembea, na meza haiwezi kuizuia. Kwa chuma laini na biti ya HSS, mizunguko 800 kwa dakika kwa biti ya 10 mm na 1,300 kwa ya 6 mm inafaa, na mafuta ya kukatia juu.

Usisage kwa grainda karibu na meza hii. Vumbi la jiwe likiingia ndani ya kigari halitoki, na kigari kinaanza kukwama baada ya muda mfupi. Mpira wa ndani wa tairi uliokatwa na kufungwa mbele ya Y unazuia sehemu kubwa ya uchafu. Walio Mombasa, Tanga au Zanzibar wapanguse reli kwa oili kila wanapomaliza, kwa sababu hewa ya chumvi inaanza na nyuso zilizosagwa.

Mota inaweza kuongezwa baadaye. Mota ya stepa ya NEMA 23 ina matundu yaliyoachana 47.14 mm. Hatua 200 kwa mzunguko, dereva (saketi inayoendesha mota) ikiwekwa kugawa kwa 8, zinakuwa 1,600, na kwa skrubu ya 2 mm ni hatua 800 kwa milimita. Kwenye GRBL (programu ya kuendesha mota hizi) namba hiyo inaingia kwenye $100 na $101. Usiifunge kabla plei haijaisha, kwa kuwa mota haihisi plei kama mkono unavyoihisi. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, programu haijui tena meza iko wapi, kwa hiyo weka swichi za mwisho wa mwendo tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kazi ya mteja, toboa kipande cha majaribio: matundu manne ya mstatili wa 80 × 60 mm, yasafishwe kwa rima ya 6, yatiwe pini za 6 mm. Pima kwa kalipa kutoka nje ya pini hadi nje ya pini, kona hadi kona. Pande zote mbili zinapaswa kusoma 106.00. Zikitofautiana kwa 0.05, X na Y zimekosa pembe mraba kwa karibu 0.05 kwa kila 100 mm, urudi kwenye bolti za vigari vya juu. Zikilingana lakini zote zikawa ndefu au fupi, pembe ni nzima; kosa liko kwenye hatua ya skrubu au kwenye duara la kusomea.